Kibanio Kimoja, Chaneli Moja: Kusimamia Masafa ya Redio Kwenye Mashindano ya Glaida

Glaida ile ilikuwa na mabawa ya mita tatu na ushei. Upepo ulikuwa umeisukuma hadi juu ya maegesho ya magari, mita themanini hivi kutoka ardhini, na mwenyewe alikuwa amesimama nusu kilomita upande unakotoka upepo. Ghafla ikatikisa bawa mara mbili kama kuku aliyemwagiwa maji, ikainamisha pua, ikashuka wima kwenye shamba la ngano. Mzee wa watu alikuwa akivuta vijiti vya rimoti na ndege haimsikii, kwa sababu ilikuwa ikimsikia mtu mwingine. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye buti la gari, nimewasha rimoti yangu ya chaneli 67 ili nipime betri. Antena sikuivuta, nikidhani ikiwa imekunjwa mawimbi hayafiki popote.

Klabu haikunifukuza. Msimu uliofuata walinikalisha kwenye ubao wa masafa, ule wenye vibanio vya nguo vinavyoonyesha chaneli ipi inatumika, nadhani kama adhabu, na nimeikalia kazi hiyo kwenye viwanja vya Uingereza tangu hapo. Haya ninayoandika ni kwa ajili ya yule ambaye klabu yake inaandaa mashindano au mkutano wa kurusha glaida, naye ameambiwa, "Wewe utashughulikia masafa," kisha akaachwa na kalamu.

Tukubaliane maneno kwanza. Glaida ni ndege ndogo isiyotegemea injini. Hupandishwa kwa winchi, kwa kamba, kwa kurushwa na mkono au kwa mota ndogo inayozimwa ikishafika juu, kisha huishi kwa kutafuta hewa ya joto inayopanda, au upepo unaogonga mtelemko wa kilima. Rimoti ndiyo iliyo mkononi mwa rubani. Risiva ndiyo iliyo ndani ya ndege. Kwenye mitambo ya zamani rimoti hushika chaneli moja tangu inapowashwa hadi inapozimwa. Wakiwasha wawili chaneli moja, risiva haiulizi nani alitangulia. Humfuata mwenye sauti kubwa, au huchanganyikiwa na wote wawili.

Glaida huumia zaidi kuliko ndege za injini. Hukaa angani muda mrefu, na hukusanyika pamoja kwa sababu kila mtu anataka hewa ileile inayopanda. Halafu huenda juu na mbali, na kule juu antena yake inasikia rimoti za uwanja wa jirani ambao wewe uliye chini umekingwa nao na kilima.

Hatua ya 1: Jua bendi unazosimamia

Uingereza, bendi ya zamani ya ndege ni 35 MHz. Ina chaneli 36, kuanzia namba 55 hadi 90, zikipishana kwa 10 kHz, yaani kutoka 34.950 hadi 35.300 MHz. Hesabu yake ni rahisi kukaa kichwani: chaneli 60 ni 35.000 kamili, kila namba moja juu unaongeza 0.010. Kwa hiyo 67 ni 35.070. Ujerumani wana chaneli 61 hadi 80 kwenye bendi hiyohiyo, na kundi la pili la 182 hadi 191 lililo juu zaidi, linaloishia 35.910. Mgeni kutoka huko akikutajia chaneli 185, usidhani anatania.

Marekani bendi ya ndege ni 72 MHz, chaneli 11 hadi 60, zikipishana kwa 20 kHz: ya 11 ni 72.010, ya 60 ni 72.990. Bendi ya 75 MHz kule ni ya magari na boti, na haitumiki kurushia kitu. Ile ya 27 MHz, yenye rangi badala ya namba, inachangiwa na redio za mawasiliano za madereva. Mimi siipokei kwenye mashindano hata mtu akibembeleza.

Kisha kuna 2.4 GHz, ambayo wengi wenu mnayo. Nitaifikia. Usiruke hatua za katikati ukadhani hazikuhusu, kwa kuwa mikutano ya glaida za zamani bado hujaa rimoti za 35 MHz, na siku mzee mmoja atakapokuja na ya kwake ndipo utakapogundua kwamba ubao uliuzwa na vyuma chakavu.

Ndugu zangu walioko Arusha na Nairobi huniuliza kama rimoti ya mtumba ya 72 MHz kutoka Marekani itafaa nyumbani. Kufanya kazi itafanya, lakini masafa hugawiwa na kila nchi kivyake. Uliza TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya, kabla ya kuiwasha. Na ruhusa ya kurusha ni mlango mwingine kabisa, wa mamlaka ya usafiri wa anga.

Hatua ya 2: Uliza kwenye fomu, si uwanjani

Msongamano unatatuliwa wiki mbili kabla, mezani. Fomu ya kujiandikisha iulize mambo haya: unatumia bendi gani, chaneli yako ya kwanza ni ipi, chaneli mbili za akiba ni zipi, na je, kristali zake (vipande vidogo vya kuchomeka vinavyoamua chaneli) unazo, risiva yako ni ya kubadili masafa mara moja au mara mbili (yaani inalishusha wimbi ndani yake kwa hatua moja au mbili), rimoti yako inabadili chaneli kwa kristali au kwa kitufe. Wa 2.4 anajaza bendi tu.

Sisitiza hapo kwenye kristali. Mtu huandika chaneli ya akiba aliyoiota. Kristali huenda kwa jozi, moja ya rimoti na moja ya risiva, na ile ya risiva kwa kawaida iko 455 kHz chini ya mwenzake, kwa hiyo huwezi kuzibadilishana hata kama zimeandikwa namba moja. Kristali ya risiva ya kubadili masafa mara moja haifai kwenye ile ya mara mbili. Na mtu akishabadili kristali anatakiwa apime tena umbali kabla ya kurusha. Kwa mwenye risiva iliyobanwa ndani kabisa ya pua ya ndege, nyuma ya betri na vipande vya risasi vya kuongezea uzito, hiyo ni robo saa ya jasho na matusi ya chinichini. Afanye kazi hiyo jioni, si wakati kundi lake linaitwa.

Hatua ya 3: Panga makundi kwa kuangalia chaneli

Hapa ndipo penye kazi. Kwenye mashindano ya kukaa angani, kama F3J, marubani hurushwa kwa makundi: kundi zima linaruka ndani ya dakika 10 zilezile, kisha linafuata jingine. Kwa hiyo swali lako kubwa ni nani asiruke na nani.

Chukua mfano huu. Una marubani 24. Kumi na watano wanatumia 2.4. Waliobaki tisa wako 35 MHz, kwenye chaneli hizi: 61, 61, 64, 67, 67, 67, 72, 75, 80. Unataka makundi manne ya watu sita.

Anza na chaneli iliyosongamana zaidi, yaani 67, yenye watu watatu. Kwa haraka utasema makundi yako manne, watu watatu, kila mmoja na kundi lake, basi yameisha. Hayajaisha. Rubani wa kundi la kwanza anapotua, yule wa kundi la pili alitakiwa awe tayari amewasha na kujaribu usukani wake ndani ya muda wa maandalizi. Wakiwa chaneli moja, wa pili anasubiri wa kwanza azime, na wa kwanza anazungumza na mshika saa wake kuhusu alivyokosa alama za kutua. Kanuni yangu: wenye chaneli moja wasiwe kwenye makundi yanayofuatana. Kwa makundi manne, hiyo inaruhusu watu wawili tu kwa kila chaneli, ama kundi la 1 na la 3, ama la 2 na la 4. Na kumbuka mduara unajirudia: baada ya kundi la 4 linakuja la 1 la raundi inayofuata.

Kwa hiyo mmoja wa 67 lazima ahame. Unasoma fomu, unakuta mmoja ana kristali za 70. Unampigia simu ukiwa bado nyumbani, hana neno.

Sasa kuna jambo la pili linalosahaulika. Rimoti mbili zenye nguvu zikiwa karibu na risiva, mawimbi yake huweza kuchanganyika ndani ya risiva na kuzaa wimbi la tatu ambalo hakuna aliyelituma. Hesabu yake: zidisha chaneli moja kwa mbili, toa nyingine. Rimoti za 64 na 67 zinaweza kuzaa 61, kwa sababu mara mbili ya 64 ni 128, ukitoa 67 inabaki 61. Kwa hiyo usiweke 61, 64 na 67 kundi moja. Tahadhari kwa jumla ni kwamba chaneli tatu zinazopishana kwa nafasi sawa zisiruke pamoja.

Ukishaweka hayo yote, karatasi inakuwa hivi:

Kundi la 1: chaneli 67 na 72, na wanne wa 2.4.
Kundi la 2: chaneli 61, 70 na 75, na watatu wa 2.4.
Kundi la 3: chaneli 64 na 67, na wanne wa 2.4.
Kundi la 4: chaneli 61 na 80, na wanne wa 2.4.

Jumla 24. Kundi la 2 lina chaneli tatu, lakini 61, 70 na 75 zinapishana kwa 9 na 5, kwa hiyo salama. Raundi ya pili ukichanganya watu upya ili wasikutane walewale, rudia ukaguzi wote, na hasa tazama kundi la mwisho la raundi iliyoisha dhidi ya kundi la kwanza la ijayo. Nimeshuhudia ratiba nzuri ya kompyuta ikikwama hapo hapo, saa nne asubuhi, watu wawili wamesimama mbele ya kibanio kimoja.

Wanaotumia 72 MHz wana mtego wao wa ziada. Risiva nyingi za kubadili masafa mara moja hufanya kazi ndani kwa 455 kHz. Rimoti mbili zinazopishana kwa chaneli 23 zinatofautiana kwa 460 kHz, karibu kabisa na namba hiyo, na risiva ya mtu wa tatu asiyehusika inaweza kuingiliwa. Kwenye 35 MHz ya Uingereza mtego huo haupo ndani ya bendi yenyewe, kwani kutoka 55 hadi 90 ni 350 kHz tu.

Hatua ya 4: Tengeneza ubao

Huhitaji kitu cha gharama. Ubao wa mbao laini wa upana wa mkono, misumari au kamba, na vibanio vya nguo vya mbao, kimoja kwa kila chaneli. Andika namba pande zote mbili za kibanio kwa kalamu isiyofutika, kubwa kiasi cha kusomeka mtu akiwa hatua tano. Vya plastiki viepuke, jua likivichoma msimu mmoja vinakatikia mkononi.

Kuna mifumo miwili duniani, na ajali nyingi hutokea kwa kuichanganya. Wa kwanza: vibanio vya klabu vinakaa ubaoni, anayerusha anachukua cha chaneli yake. Kibanio kisipokuwepo, chaneli inatumika. Wa pili: kila rubani ana kibanio chake mwenyewe, anakuja kukibana ubaoni kwenye namba yake. Kibanio kikiwepo, chaneli inatumika. Umeona hatari iliyopo? Mgeni aliyezoea wa pili anafika kwenye klabu ya mfumo wa kwanza, anatazama nafasi ya 67, anaona tupu, anasema, "Afadhali, iko wazi," anaenda kuwasha.

Chagua mmoja, uandike juu ya ubao kwa herufi kubwa, na uutangaze. Mimi natumia wa kwanza na nyongeza moja: anayechukua kibanio anaacha kadi yenye jina lake mahali pake, na kibanio anakibana kwenye antena ya rimoti. Hivyo ubao unaniambia chaneli imechukuliwa na imechukuliwa na nani, na antena inamwambia kila aliye karibu kwamba huyu ana ruhusa.

Chaneli moja, kibanio kimoja. Usitengeneze cha ziada "endapo kitapotea". Kikipotea, chaneli imefungwa hadi kipatikane, hata kama ni chaneli ya mwenyekiti.

Hatua ya 5: Hema la rimoti

Ubao peke yake unategemea kumbukumbu na uungwana wa watu, na mimi ni ushahidi kwamba hivyo havitoshi. Kwenye mashindano, rimoti zote za 35 MHz zikusanywe zinapoingia uwanjani, kabla mtu hajafungua buti la gari mara ya pili. Weka hema, meza, rafu zenye namba. Anayepokea anahakikisha swichi iko kwenye kuzimwa, anaifunga kwa kipande cha mkanda wa karatasi, anaandika namba ya mshindani. Rimoti inatoka kundi lake linapoitwa kujiandaa na si kabla, kibanio kikiwa kimebanwa juu yake.

Kwenye hema mweke mtu asiyerusha siku hiyo. Mke wa rubani, kijana wa klabu, mzee aliyeacha kurusha kwa ajili ya macho. Rubani akilinda hema, anga likichemka vizuri ataondoka.

Anayetaka kujaribu ndege yake kabla ya zamu aje ubaoni aombe dakika mbili. Kujaribu bila kuvuta antena nako ni kurusha mawimbi, kunataka kibanio.

Hatua ya 6: Asubuhi, kabla ya wote

Fika mapema, washa skana ya redio au kifaa cha kupimia masafa, pitia bendi nzima. Ukisikia kitu kwenye chaneli fulani na hakuna aliyefika, kiondoe kibanio chake ubaoni ukitie mfukoni, na uwaambie wanaohusika wahamie akiba. Rudia mchana, kwa sababu wengine huamka saa nne.

Halafu majirani. Mwongozo wa Wamarekani ni kwamba viwanja vikiwa karibu zaidi ya maili tatu, kama kilomita tano hivi, lazima vielewane kuhusu masafa. Kwa glaida mimi huona kilomita tano ni kidogo. Piga simu kwa kila klabu unayoijua karibu, hata ya magari ya kuchezea kama inatumia 35 kimakosa, uwape tarehe na saa. Wengi hukubali kugawana: wao namba za shufwa, sisi za witiri. Jumapili moja inapita salama kwa simu ya dakika tatu.

Hatua ya 7: Wakati wa kuruka

Mpangilio wa kuwasha ni huu, na nauimba kila asubuhi mbele ya marubani: kibanio, antena, rimoti, risiva. Kuzima ni kinyume chake: risiva, rimoti, kisha kibanio kinarudi ubaoni kwa mkono wa mwenyewe. Hatumi mtoto, wala hakiachi kwa msaidizi "atapita huko". Hakuna anayeuliza kwa kupaza sauti, "Sitini na saba iko wazi?" kisha akatosheka na ukimya. Upepo hula maneno.

Pahali pa kusimama panahusika kuliko watu wanavyodhani. Kwenye hewa tupu nguvu ya wimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Rudi kwenye kosa langu: ndege ilikuwa mita 80 kutoka kwangu na mita 500 kutoka kwa mwenyewe, mara sita na robo. Mraba wake ni karibu 39. Antena yangu iliyokunjwa ilikuwa dhaifu, ni kweli, lakini nilikuwa nimepewa mtaji wa mara 39 na umbali peke yake.

Hata chaneli tofauti zinaathirika kwa namna hiyo. Rubani akisimama peke yake mita 400 mbele ya wenzake, ndege ya mwenzake ikapita mita 20 juu ya kichwa chake, risiva ya ndege hiyo inapigiwa kelele mara 400 na rimoti ya jirani. Risiva nzuri inavumilia, ya bei rahisi inatetemeka. Kwa hiyo marubani wote wa kundi wasimame mstari mmoja, hatua kadhaa kati yao, na asiwepo anayeifuata ndege yake akitembea na rimoti kuelekea wanakotua wengine.

Kilimani mambo yana sura nyingine. Kwenye F3F, mbio za mtelemko, anashindana mmoja kwa wakati: anarusha, ana sekunde 30 za kuingia kwenye njia, anaikata njia hiyo ya mita 100 mara 10. Utasema mmoja kwa wakati hakuna msongamano. Lakini yupo anayekimbia, yupo aliyemaliza anayetafuta pa kutua kwa shida, na yupo anayefuata ambaye tayari kaishika ndege juu ya kichwa. Chaneli tatu zinaishi kwa pamoja, basi katika orodha ya kurusha hakikisha watatu wowote wanaofuatana wana chaneli tofauti. Ubao mkubwa upepo wa kilimani hauuachi. Tumia fito ya mbao iliyochomekwa ardhini karibu na wanaporukia, vibanio vimepangwa juu hadi chini. Na tuma mtu atembee ukingo mzima kila saa, kwa kuwa daima kuna mtu aliyekuja kwa njia ya kondoo, asiyejua kuna mashindano, naye kapaki upande wa pili wa mwamba.

Hatua ya 8: Wa 2.4 nao wana masharti yao

Bendi ya 2.4 GHz inaanzia 2400 hadi 2483.5 MHz. Rimoti zake husambaza mawimbi kwenye bendi pana au kurukaruka kutoka nafasi hadi nafasi, na risiva humtambua mwenyewe kwa namba ya siri waliyopeana. Ndiyo maana hazihitaji kibanio. Tangu zilipoanza kuenea mwaka 2005 na 2006, kazi yangu imepungua kwa zaidi ya nusu, nami nashukuru.

Lakini bendi ni moja kwa wote. Mfumo kama DSM2, wa rimoti za Spektrum, ulichagua nafasi mbili wakati wa kuwashwa na kubaki hapo hapo. Zikiwashwa rimoti nyingi mezani "tuone tu menyu", nafasi zinaliwa bure. Kwa hiyo hata wa 2.4: usiwashe mpaka kundi lako liitwe, na kuunganisha rimoti na risiva mpya kufanyike mbali na mstari wa kurushia, usije ukaikuta risiva yako imeoana na rimoti ya jirani.

Wifi ya meza ya matokeo iwe mbali na marubani, au itumie bendi ya 5 GHz, au waya. Kamera za video zinazorusha picha kwa 2.4 ni marufuku kabisa. Za 5.8 GHz nazipokea, lakini nazipa vibanio kama zamani: mpangilio wa Raceband una chaneli nane, kutoka 5658 hadi 5917 MHz, zikipishana kwa 37, na mimi sitoi zaidi ya nne kwa wakati.

Kabla ya kulaumu msongamano, mkague mtu ndege yake. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, na ncha ya antena ya risiva ni robo yake, kama sentimita tatu. Glaida za mashindano zimejaa kaboni, na kaboni hulizuia wimbi hilo kama pazia zito linavyozuia mwanga. Antena zitoke nje ya kiwiliwili, au pua iwe ya nyuzi za kioo, na ncha mbili zitazame pande tofauti. Nusu ya malalamiko ya "mmenizibia masafa" niliyopokea yaliishia hapo: ncha ya antena imelala ndani ya bomba la kaboni, salama salimini, haisikii chochote.

Hatua ya 9: Mtu akipiga kelele

Rubani akiona ndege inatetemeka aseme kwa sauti, "Naingiliwa!" na aitaje chaneli yake. Kuanzia hapo msimamizi ndiye anayezungumza, wengine wanyamaze.

Kosa kubwa la wakati huo ni huruma. Watu husikia kelele, kila mmoja anazima rimoti yake kusaidia, na ghafla ndege nyingine tatu hazina mwenyewe. Mwenye ndege angani asizime. Soma ubao: kibanio cha chaneli hiyo kiko wapi, kadi ni ya nani? Kipo kwake kihalali, basi anayeingilia hana kibanio. Tuma mmoja hemani ahesabu rimoti, mwingine maegeshoni. Mimi huanza na maegesho.

Rubani mwenyewe avute ndege karibu, ashuke, atue popote palipo tupu. Mwenye mtambo wa PPM wa zamani, unaopeleka amri kama zilivyo bila kuzikagua, anaona mitetemo mapema, ni kama anaonywa. Mwenye PCM, unaopeleka amri kwa namba za kidijitali, haoni kitu, risiva inaficha makosa hadi inaposhindwa kabisa na kuganda, kwa hiyo akisema naingiliwa, jua yuko pabaya. Mwelekeze kila mtu mapema aweke mpangilio wa usalama unaofanya ndege izunguke taratibu na breki za bawa zikiwa wazi, badala ya kushikilia amri ya mwisho na kwenda nayo hadi wilaya ya pili.

Andika kwenye daftari saa, chaneli, ndege ilikuwa upande gani, nani alikuwa na vibanio gani. Jaji atakuuliza kama rubani anastahili kurudia raundi, na saa kumi jioni hutakumbuka ya saa nne.

Hatua ya 10: Kufunga siku

Kabla ya kutoa zawadi, hesabu vibanio. Watu wakishaanza kupakia mabawa kwenye magari hawasikii tena, kwa hiyo mimi hushikilia kadi zao za majina. Asiyerudisha kibanio hapati kadi yake, na bila kadi hajaingia kwenye matokeo. Pamoja na hayo, kila mwaka kimoja huondoka. Huwa kimebanwa kwenye mfuko wa jaketi, na mwenyewe hukiona Jumatano anapofua. Ukikiona, piga simu siku hiyohiyo. Wiki iliyopita kilikuwa cha 67 tena, na Jumamosi nzima mzee mmoja mwenye glaida mpya ya mita tatu alikaa kwenye kiti cha turubai, rimoti iko hemani, akitazama wenzake wanazunguka.